Sabufa haitakusomea taarifa ya habari

Msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku anasema kocha wa timu ya taifa ataondoka. Au amesema hataondoka? Katika sebule nyingi za mijini swali hilo hufuatwa na jingine, "Kasemaje?", kisha rimoti inanyakuliwa na sauti inapandishwa. TV ni mpya, bapa, inchi 43 au 55, na picha yake inaonyesha mpaka jasho la mchezaji, lakini maneno yanatoka yamemezwa nusu. Dawa inayojulikana mtaani ni moja: sabufa. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anakwenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kama yuko Nairobi, anarudi na boksi lenye taa za rangi na namba kubwa ya wati, na usiku huo madirisha yanatikisika. Na bado kuna mtu kwenye kochi anauliza, "Kasemaje?" Hoja yangu ni kwamba tunatibu ugonjwa usio wetu. TV bapa inakosa mtikisiko, ndiyo, lakini kabla ya hapo inakosa usemi unaoeleweka. Usemi huo unapatikana kwa fedha ileile ya sabufa, pengine kwa pungufu, ila kwa vifaa vingine na kwa namna nyingine ya kuchagua dukani.

Tuanze na TV yenyewe. Zile za chogo zilikuwa na nafasi tele ndani, na nyingi ziliwekewa spika mbele au ubavuni, zikimtazama mtazamaji. TV bapa ilipoondoa chogo iliondoa pia makazi ya spika. Spika hufanya kazi moja tu, kusukuma hewa, na ili isukume ya kutosha inahitaji koni yenye upana na boksi lenye nafasi nyuma yake. Katika TV nyingi za leo spika ni vipande vyembamba vilivyofichwa chini ya ukingo au mgongoni, vikielekezwa mezani au ukutani. Sauti nzito hupinda kona na kusambaa kokote. Sauti nyembamba hupenda kwenda moja kwa moja, hivyo ikitolewa kuelekea chini hugonga meza na vigae, ikafika sikioni ikiwa imechujwa na kuchanganyika na mwangwi wake. Kwa namna fulani tulibadilishana vitu vibaya. Kuhamia utangazaji wa dijitali, ambako kulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Kenya kukamilika 2015, kulituletea king'amuzi chenye sauti safi isiyo na mikwaruzo ya antena. Miaka hiyohiyo tukawa tunatoa sebuleni spika ambayo ingeifikisha sauti hiyo kwetu.

Ni sauti gani hasa inayobeba maneno? Waliolijibu swali hilo mapema ni watu wa simu, kwani biashara yao yote ilikuwa kufikisha maneno. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Simu ya mezani ilipitisha kipande kidogo tu, hezi 300 hadi 3,400, na kwa kipande hicho watu walipeana habari za misiba, wakachumbiana na kuuziana viwanja bila kuonana. Msingi wa sauti ya mwanamume mzima uko kati ya hezi 85 na 180 hivi, maana yake simu ile haikuupitisha kabisa. Ubongo uliujaza wenyewe. Mwaka 1947 N. R. French na J. C. Steinberg wa Bell Labs, Marekani, walichapisha hesabu ya mchango wa kila eneo la masafa katika kueleweka kwa usemi, na mstari wa katikati uliangukia karibu na hezi 1,900: nusu ya kueleweka iko juu ya hapo, nusu iko chini.

Mtu anaweza kusema kwamba wale walipima silabi za Kiingereza, na Kiswahili ni lugha nyingine, yenye irabu tano zilizo wazi na silabi ambazo karibu zote huishia kwa irabu. Ni kweli, na hilo linatusaidia, kwa kuwa irabu ndizo zenye nguvu na husikika hata kwenye spika mbovu. Lakini irabu haziwezi kututofautishia sindano na shindano, samani na thamani, tisa na tisha. Tofauti hizo zimo katika mikwaruzo ya s, sh, th na f, ambayo nguvu yake kubwa iko kuanzia hezi 2,000 hadi 8,000 na zaidi, na nguvu hiyo yenyewe ni hafifu. Konsonanti ya ukanushi ni hafifu zaidi. Kati ya atakuja na hatakuja kuna pumzi moja tu. Lugha yetu imeweka ndiyo na siyo ya sentensi nzima juu ya mojawapo ya sauti zake dhaifu kabisa, nasi tunaisikiliza kupitia spika iliyoelekezwa sakafuni.

Sasa leta sabufa. Kazi yake ya asili ni kusaidia sauti nzito sana, chini ya hezi 80 au 100, mahali ambapo sikio haliwezi kutambua vizuri sauti inatoka upande gani. Ndiyo maana inaweza kufichwa nyuma ya kochi bila kuharibu kitu. Katika seti nyingi za bei nafuu, hata hivyo, boksi kubwa huuzwa pamoja na spika ndogo mbili au nne, kila moja ikiwa na koni moja ya inchi 3 ndani ya plastiki nyepesi. Koni hiyo haiwezi kushuka chini, kwa hiyo boksi kubwa hulazimika kupanda kuipokea hezi 150, 200 na wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo inapokaa sauti ya mwanamume. Matokeo yake mtangazaji huzungumza kifua chake kikiwa kona ya chumba na mdomo wake ukiwa juu ya kabati. Juu kabisa, kwenye s na sh, hakuna aliyepewa kazi, kwa sababu spika ndogo ya sauti nyembamba ambayo mafundi huiita twita haimo, au imo kama pambo tu.

Liko tatizo la ndani zaidi, la sikio lenyewe. Tangu majaribio ya Wegel na Lane ya mwaka 1924, pia katika maabara za simu, inajulikana kwamba sauti nzito yenye nguvu hufunika sauti zilizo juu yake kwa urahisi, ilhali sauti nyembamba hazifuniki nzito kwa kiasi hicho. Sababu ni umbo la sikio la ndani. Utando unaopokea mawimbi umepangwa sauti nyembamba zikiwa mlangoni na nzito zikiwa mwisho wa njia, hivyo kila mvumo wa besi hupita juu ya sehemu zote za sauti nyembamba kabla ya kufika kwake, na ukipita unazisumbua. Anayeongeza besi ili "asikie vizuri" anazifunika konsonanti zake kwa mkono wake mwenyewe. Mechi ya Simba na Yanga inalionyesha hilo wazi kuliko taarifa ya habari. Ngoma na mvumo wa uwanja vina nguvu nyingi kwenye sauti nzito, na seti iliyojaa besi inauleta uwanja mzima sebuleni huku ikimzamisha mtangazaji anayetaja jina la aliyetoa pasi.

Kwenye boksi la dukani kuna namba: wati 5,000, wati 12,000, wati 20,000, na mbele yake herufi PMPO. Herufi hizo hudai kuwa kipeo cha nguvu ya muziki, lakini hakuna kanuni moja inayokubalika ya kukipima, na kila kiwanda hujipimia. Kutofautisha namba ya mapambo na namba ya kweli hakuhitaji uhandisi. Geuza boksi usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti 220 hadi 240. Hapo hutajwa umeme ambao kifaa kinakula, na mara nyingi utakuta wati 40, 60 au 80. Kifaa kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 12,000 kwenye spika kwa muda wowote wenye maana kwa sikio. Marekani walichoshwa na mchezo huu zamani. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni inayowataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu inayotolewa mfululizo. Mnunuzi wa hapa atafute neno RMS, linaloashiria nguvu ya aina hiyo, na asipoliona aamini kibandiko cha nyuma kuliko maandishi ya mbele.

Na hata wati za kweli hazihitajiki nyingi. Spika ya kawaida ya nyumbani, ikipewa wati moja tu, hutoa sauti ya takriban desibeli 85 ukiwa umbali wa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika, wati hiyo moja bado inatosha taarifa ya habari na kubaki. Kilele cha muziki au mlio wa risasi kwenye filamu huhitaji mara kumi au ishirini ya hapo kwa muda mfupi, kwa hiyo amplifaya yenye wati 20 za kweli kila upande imetosha kwa sebule nyingi. Kinachowapotosha wengi ni kudhani kwamba wati mara mbili ni sauti mara mbili. Wati zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, badiliko la wastani. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, wati zinahitaji kuongezeka kama mara kumi. Anayelipa zaidi ili atoke wati 30 hadi 40 ananunua tofauti ambayo sikio lake litaigundua kwa shida.

Kwa nini basi namba kubwa na boksi kubwa zinauzwa? Kwa sababu dukani tunachagua kwa macho, na kwa masikio yaliyokwisha kuvutwa. Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti waliokuwa kampuni ya Harman, walifanya jaribio lililochapishwa 1994: wasikilizaji walipewa spika zilezile, kwanza zikiwa nyuma ya pazia, kisha zikionekana. Pazia lilipoondolewa, alama zilihama kufuata ukubwa na heshima ya spika. Uaminifu unanitaka niseme kwamba mojawapo ya spika zile ilikuwa seti ndogo ya bei nafuu yenye sabufa na spika ndogo za pembeni, na nyuma ya pazia ilifanya vizuri, ikashuka ilipoonekana. Kwa hiyo sisemi kwamba seti ya aina hiyo ni mbovu kwa asili. Ikitengenezwa na watu waliojali mahali boksi kubwa linapokabidhiana kazi na madogo, inaweza kuwa nzuri sana. Ninachosema ni kwamba seti zinazopigwa kwa kishindo kwenye milango ya maduka yetu zimetengenezwa kushinda zikiwa mlangoni, barabarani, dhidi ya honi na wapiga debe. Sebuleni hakuna wapiga debe.

Jaribio la haki ni rahisi, na muuzaji mwenye subira atalikubali. Mwambie azime singeli aweke taarifa ya habari au mahojiano kutoka kwenye simu yako, sauti ya mwanamke kisha ya mwanamume, kwa sauti ndogo, ile ambayo ungetumia nyumbani watoto wakiwa wamelala. Rudi nyuma hatua tatu au nne. Sikiliza kama unazipata s na sh bila kukaza shingo, na kama mwanamume anazungumza kutoka sehemu moja au amegawanyika. Ukilinganisha seti mbili, hakikisha zote zina sauti sawa, kwa kuwa sikio huipa ushindi ile iliyo juu kidogo hata kama ni mbovu, na wauzaji wazoefu wanalijua hilo kuliko wahandisi. Muuzaji akikataa kupunguza sauti, amekujibu.

Ninachopendekeza kinunuliwe hakina mvuto wa kupigia picha: spika mbili za boksi la mbao, za ukubwa wa kati, kila moja ikiwa na koni ya inchi 4 hadi 6 na twita yake, pamoja na amplifaya ndogo, au zile ambazo amplifaya yake imo ndani ya boksi mojawapo. Koni ya inchi 5 kwenye boksi la kutosha inaishika sauti nzima ya binadamu bila kuomba msaada kona ya chumba, na twita inazishika konsonanti. Ziwekwe upande huu na huu wa TV, usawa wa masikio ya aliyekaa, zikimtazama. Zikikaa hivyo, mtangazaji atasikika katikati ya kioo, pale mdomo wake ulipo, ingawa hapo katikati hakuna spika. Zina upungufu wake. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH huko Massachusetts mwaka 1957, alieleza kanuni ambayo hakuna tangazo lililoweza kuivunja: boksi dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili. Spika ninazozisema zimechagua boksi la wastani na umeme kidogo. Besi ya kutikisa kifua hazina, na muuzaji akikuambia ipo kwenye boksi la kimo cha kiganja, mrudishe kwa Hofmann.

Mahali pa kuzipata kwa bei ya chini ni sokoni kwenye vifaa vilivyotumika. Redio kubwa za miaka ya 1980 na 1990 zilizokuja na spika mbili za mbao bado zinazunguka kwa mafundi, na mara nyingi redio yenyewe imekufa, kaseti na CD hazisomi, ila spika ni nzima. Fundi huziuza kama mabaki. Kuna mambo ya kukagua. Mzingo wa sponji unaoishika koni huoza baada ya miaka mingi, hasa kwenye joto na unyevu wa Pwani, nao ukiguswa kwa kidole hupukutika. Mzingo wa mpira hudumu zaidi. Bonyeza koni kwa upole pande zote mbili: ikikwaruza, iache. Hakikisha twita inalia, kwa kuweka sikio karibu nayo. Amplifaya si tatizo tena, maana zile ndogo za kisasa za daraja D hupoteza umeme kidogo sana kama joto, na nyingi hufanya kazi kwa volti 12, hivyo hata nyumba yenye TV ya sola inaweza kuzitumia bila kuua betri kabla ya taarifa ya habari kwisha. Anayelipia umeme kwa Luku naye hatauona mzigo wake.

Kuunganisha kunawashinda watu zaidi kuliko kununua, ingawa si kugumu. Kama TV ina tundu la hedifoni au matundu ya rangi nyekundu na nyeupe ya kutolea sauti, waya mmoja wa bei ndogo unamaliza kazi. TV mpya nyingi zimeyaondoa na kubakiza tundu la mwanga, au HDMI lililoandikwa ARC, utaratibu uliokuja na toleo la HDMI la mwaka 2009. Hapo unahitaji kibadilishi kidogo kinachogeuza sauti ya dijitali iwe ya kawaida, na ni lazima uingie kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM. Usipochagua hivyo utapata kimya au mlio wa ajabu, na ndipo vibadilishi vingi vizima hurudishwa dukani vikidaiwa kuwa vibovu. Bluetooth inavutia kwa kutokuwa na waya, lakini Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linaweka mahali ambapo watazamaji huanza kugundua kuchelewa huko kwenye milisekunde 125 hivi. Midomo ikitangulia maneno, ubongo hupoteza msaada wa kusoma midomo, ambao sote tunautumia bila kujua. Kwa muziki haidhuru. Kwa tamthilia ni kero.

Kuna watakaosema saundiba imekwisha kulitatua jambo hili, kwa nini kusumbuka na maboksi mawili na waya? Ninakubali nusu. Saundiba hata ya bei ya chini inafanya jambo moja la maana: inaelekeza spika mbele, na hilo peke yake linarudisha konsonanti nyingi. Kwa chumba kimoja cha kupanga ambako TV imekaa juu ya kabati la vyombo, ni chaguo la busara, na yenye kitufe cha kuongeza sauti ya mazungumzo ni bora zaidi. Nusu nisiyoikubali ni bei. Nyingi za zile za chini kabisa zina spika ndogo zilezile za TV, zimehamishiwa ndani ya fimbo ndefu, na fedha iliyobaki imekwenda kwenye sabufa ya kuandamana nayo. Fedha hiyohiyo, ikiwekwa kwenye spika mbili za mbao, hununua koni pana zaidi na twita halisi. Mwenye nafasi ya maboksi mawili atakuwa amefaidi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muziki. Seti ya sebuleni hapa kwetu haiishi kwa TV peke yake. Jumamosi inapiga bongo fleva, Jumapili asubuhi kwaya, na siku ya kipaimara au maulidi inahamia uani. Muziki huo umetengenezwa na watu wanaojua besi itasikika, na kuusikiliza bila besi ni kuukata miguu. Sina ugomvi na hilo; anayenunua kwanza kwa ajili ya shughuli za uani anunue sabufa na asinisikilize. Lakini familia nyingi, zikiulizwa seti yao inawaka muda mrefu zaidi kwa ajili ya nini, zitataja tamthilia, mpira, habari na katuni za watoto, yaani watu wanaosema. Tena tunapenda usemi kuliko tunavyokiri. Vibanda umiza vimejazwa kwa miaka mingi na filamu za kigeni ambazo mvuto wake mkubwa ni mtafsiri anayezungumza juu yake. DJ Afro wa Kenya amejenga jina kubwa kwa sauti yake tu, juu ya filamu ambazo watazamaji wake wangeweza kuzipata bila yeye. Umati ule haukulipa kusikia milipuko.

Wengine watasema lawama ni ya vituo na watengeneza filamu, wanaopiga muziki wa huzuni juu ya mazungumzo na kurekodi waigizaji kwa kinasa sauti kilicho mbali. Hapo wako sahihi, na hakuna spika itakayorudisha neno ambalo halikunaswa. Lakini kazi mbovu ndiyo inayohitaji spika safi zaidi: neno lililonaswa kwa taabu halina akiba ya kupoteza njiani. Na kabla ya kumlaumu yeyote au kutoa hata shilingi, kuna mambo ya bure. TV nyingi zina mpangilio wa sauti ulioandikwa usemi au habari, na nyingine zina kitu cha kuongeza besi ambacho kiwandani kimeachwa kikiwa kimewashwa, kizime. Isogeze TV hadi ukingo wa meza ili spika za chini zisigonge mbao. Chumba chenye vigae, kuta tupu za saruji na dari ya jipsamu hurudisha kila neno mara kadhaa. Mapazia mazito, zulia na makochi ya kitambaa huyanyonya marudio hayo, na huenda yakafanya kazi kubwa kuliko wati mia. Umbali nao ni dawa: kwa chanzo kimoja cha sauti, kulisogeza kochi hadi nusu ya umbali uliokuwapo huongeza hadi desibeli 6 za sauti inayokujia moja kwa moja, bila kuuongeza mwangwi wa chumba.

Wanaoumia zaidi kwa seti zetu za besi ni wazee. Sikio linapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, zilezile za s, th na h. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inakadiria watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani. Bibi akisema hasikii, tunapandisha sauti, na kinachopanda zaidi ni kile ambacho bado anakisikia, yaani besi, huku jirani wa ukuta wa pili akianza kugonga; ukuta wa tofali huzuia usemi vizuri ila mvumo mzito huupita. Tanzania na Kenya zina kanuni za kelele chini ya mamlaka zao za mazingira, lakini katika nyumba za kupanga zinazogawana ukuta, mjumbe hufika kabla ya kanuni. Spika iliyoelekezwa kwa bibi, ikiwa karibu naye na yenye twita nzima, humfikishia maneno kwa sauti ambayo jirani hataijua.

Fedha ikipatikana tena mwakani na moyo ukataka mtikisiko, ongeza sabufa peke yake, yenye amplifaya yake ndani na kitasa cha kuchagua inaishia wapi juu. Kiweke hezi 80 au karibu na hapo. Kisha subiri taarifa ya habari isomwe na mwanamume, uiwashe na kuizima sabufa mara kadhaa akiwa anasoma; sauti yake ikibadilika, umeipandisha mno.